Mwaka Tuliorusha Helikopta ya Bwana Nzioka

Siku tuliyomzika Bwana Nzioka kule Katangi, wasemaji walikuwa wengi na jua lilikuwa kali. Walisema alikuwa mpima ardhi mwaminifu, mzee wa kanisa, mtu aliyewapatanisha majirani waliogombania mipaka ya shamba. Yote hayo ni kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyetaja helikopta. Nilikaa chini ya hema, kiti cha plastiki kikididimia mchangani kidogo kidogo, nikingoja labda mwanawe wa kwanza ataitaja, au mchungaji, au yeyote yule. Ndipo mwanamke aliyekaa nyuma yangu akainama na kuninong'oneza, "Mutheu, hawa watu hawajui huyu mzee alikuwa anatutoa jasho aje." Sikuhitaji kugeuka ili nijue ni nani. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita, lakini Halima alikuwa bado anatamka jina langu kama mtu anayeonja kitu kitamu. Baada ya mazishi tulikula pamoja wali na mchuzi, sahani zikiwa mapajani, na tukaongea mpaka watu wa hema wakaja kuomba viti vyao. Nilipofika nyumbani nilijua kwamba, kama wale wasemaji hawakuusimulia mwaka ule, basi itanibidi niusimulie mimi, pamoja na sehemu yake ambayo sikujivunia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kumaliza kozi ya ufundi, na Bwana Nzioka alinichukua nimtengenezee vyombo vyake vya kupimia. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili katika mji wa Machakos, karibu na soko, mahali ambapo asubuhi ungesikia mbuzi wakishushwa kutoka kwenye lori na akina mama wakiitana kwa Kikamba. Chumba cha mbele kilikuwa cha ramani na taipureta, na mwenye taipureta alikuwa Halima, binti wa Mzee Adan, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na duka upande wa pili wa barabara. Chumba cha nyuma kilikuwa changu: meza ya mbao nzito, vaisi ya kubania vyuma, misumari ukutani ya kuning'iniza spana, na dirisha moja lililotazama tanki la maji. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba ambao haukufika juu, kwa hiyo kila neno lililosemwa mbele lilinifikia nyuma. Saa saba tulikula pamoja. Mimi nilikuja na muthokoi katika kopo, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, naye aliletewa anjera, chapati laini za Kisomali, na mchuzi wa mbuzi kutoka kwao. Kufikia mwezi wa pili tulikuwa tunabadilishana tu bila kuulizana. Nikila anjera hata leo, mkono wangu bado hutafuta kalamu ya kuchorea ramani iliyokuwa ikilala pale mezani kati yetu.

Helikopta ilikuwa ya kuchezea kwa jina tu. Urefu wake ulikuwa kama wa meza ya kulia chakula, iliendeshwa kwa rimoti, na injini yake ndogo ilikunywa mafuta yaliyonuka kama nyonyo iliyoungua. Bwana Nzioka aliachiwa na mpima ardhi mwenzake aliyerudi kwao ng'ambo, naye akaifunga kamera chini ya tumbo ili apige picha za mashamba kutoka juu. Watu mjini walimcheka. Lakini kule Katangi kulikuwa na kundi la akina mama waliokuwa wakichimba matuta ya kuzuia mchanga usibebwe na mvua, na palikuwa na korongo lililokuwa linawashinda. Kila msimu wa mvua lilimega ardhi na kusogea karibu na nyumba tatu za mwisho wa kijiji. Ukisimama chini hukuweza kuona maji yanaanzia wapi. Bwana Nzioka alisema ukiyatazama kutoka juu utajua siku moja tu, na utajua pa kuchimba. Mvua za vuli zilikuwa zinakuja. Kwa ajili ya hizo nyumba tatu, kile kitu cha kuchezea kilikuwa kazi halisi.

Wa kwanza kuiangusha alikuwa Bwana Nzioka mwenyewe. Alikuwa akiwaonyesha wageni, upepo ukaisukuma mkia kwenye mgunga, na kufumba na kufumbua mapanga yake mawili ya kuzunguka juu yakavunjika na shafti, ule ufito wa chuma unaoyabeba, ikapinda. Alirudi mjini akiwa na vipande ndani ya gunia, akaviweka mezani kwangu kama mtu aliyeleta kuku aliyegongwa na gari. "Mutheu, hii itapona?" Nikamwambia itapona. Vipuri viliagizwa, vikachukua wiki kumi kufika. Wakati huo wote Halima alifanya mazoezi ya rimoti bila helikopta, ameketi kwenye ngazi, vidole gumba vikicheza juu ya vile vijiti viwili. Ni yeye aliyekuwa rubani wetu bora. Alijaribu mara moja kwa mzaha, tukagundua kwamba vile vidole vya kupiga chapa havikuwa na haraka wala woga. Bwana Nzioka aliirusha kama mtu anayeswaga ng'ombe. Halima aliituliza hewani mahali pamoja mpaka ukasahau kwamba inaweza kuanguka.

Niliijenga upya kwa siku nne. Kwa asiyejua, jambo gumu katika helikopta ni mlalo wa mapanga. Panga likilala bapa kabisa halinyanyui kitu. Ukiinua ukingo wake wa mbele kidogo tu, linaikamata hewa na kupanda. Rubani akisukuma kijiti, mapanga yote mawili yanageuka kwa pamoja ndani ya vishikio vyake, na ni lazima yageuke sawasawa, kwa kuwa moja likipishana na mwenzake kwa digrii moja, chombo kizima kinatikisika. Nilibingirisha kila shafti mpya juu ya kioo kuhakikisha haijapinda. Niliweka kijiti katikati, nikapachika kipimo cha pembe kwenye panga la kwanza, digrii tano. Panga la pili, digrii tano. Nilijivuna. Nilimwita Bwana Nzioka aje atazame, naye akavaa miwani, akasoma, akasema, "Kama saa ya ukutani."

Tuliipeleka kwenye kiwanja nje ya mji, asubuhi isiyo na upepo. Mapanga ya helikopta isiyo na kasoro yakizunguka yanaonekana kama sahani moja ya hewa. Sisi tuliona sahani mbili, moja juu ya nyingine, na mkia ukitetemeka kama wa mbwa aliyelowa. Tukaizima. Nilibandika tepu nyekundu kwenye ncha ya panga moja na ya buluu kwenye lingine, nikalala chini mbali kidogo ili macho yangu yawe sawa na mapanga, Halima akaiwasha tena. Nyekundu ndiyo ilikuwa juu. Nikafupisha kifimbo kinachogeuza panga hilo kwa kuzungusha kichwa chake nusu mzunguko. Zikakaribiana. Nusu nyingine, zikawa moja, na tukashangilia. Lakini Halima alipoongeza nguvu, zikaachana tena, na safari hii buluu ndiyo ilikuwa juu. Nikirekebisha kwa mwendo wa taratibu, mwendo wa kasi unaharibika. Nikirekebisha kwa kasi, mwendo wa taratibu unaharibika. Tulifanya hivyo siku tatu. Kila jioni niliirudisha mezani, nikapima, na kila jioni kipimo kiliniambia kwamba mapanga ni sawa kabisa.

Siku ya nne Bwana Nzioka alichoka kungoja. "Inatikisika kidogo tu. Ipandishe tuone." Halima akasema, "Bwana Nzioka, kijiti ni kizito. Nikiisukuma pole haisikii." Bwana Nzioka akamwambia asiogope. Halima akasukuma pole. Helikopta haikusikia, haikusikia, halafu ikasikia yote kwa mara moja. Iliruka kama chura, ikainama upande, ikaja moja kwa moja kwetu, mapanga yakilia. Halima aliikata injini. Ilijikita ardhini hatua mbili kutoka alipokuwa Bwana Nzioka, na kipande cha panga kikapita juu ya bega lake. Hakuumia. Alisimama tu pale akipapasa shati lake kama anayetafuta kalamu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko kelele, "Nini hiyo imefanyika?"

Hapa ndipo napaswa kusema ukweli wote. Bwana Nzioka akanigeukia mimi. Ningeweza kusema sijui. Hilo ndilo lililokuwa jibu la kweli. Lakini nilifikiria siku zangu nne za kujenga, nikafikiria kipimo na ile saa ya ukutani, na mdomo wangu ukasema, "Labda ni mkono wake." Halima alinitazama mara moja, kisha akaanza kuokota vipande.

Kesho yake taipureta ilikuwa kimya. Nilikuwa chumba cha nyuma nikifungua boliti nilipomsikia Mzee Adan akiingia mbele, akakohoa, akaketi. Alikuwa mtu mpole aliyezungumza kana kwamba anayahesabu maneno kabla ya kuyatoa.

"Bwana Nzioka, msichana wangu analala tu kule nyumbani. Anasema ulikuwa karibu kukufa kwa mkono wake."

"Mzee, hakuna mtu alikufa. Lakini hiyo mashini, sitampatia tena. Arudi kwa taipureta, kazi yake iko."

"Yeye hataki taipureta. Anasema mkono umemdanganya. Hata chai anamwaga sasa." Mzee Adan akavuta kiti karibu. "Wewe uliona kabisa ni yeye?"

"Fundi wangu ameona."

Nilisimama nyuma ya ule ukuta wa mbao, boliti kiganjani, nikijua kwamba hatua sita tu zingenifikisha mbele. Sikuzipiga. Nilisikia mzee akiaga, nikasikia viatu vyake vikivuka barabara. Miaka mingi baadaye watu wameniuliza kwa nini huwa sikimbilii kumtaja mwenye kosa, hata pale ambapo kila mtu anaona ni nani. Huwa ninatabasamu tu. Nilijifunzia nyuma ya ule ukuta.

Wiki tatu zilipita. Niliifunga helikopta mapanga ya akiba, nikapima, nikapima tena. Chakula cha mchana nilikula peke yangu, muthokoi ule ule, bila anjera. Wingu lilianza kukusanyika upande wa Yatta wakati wa alasiri na kutawanyika, na mama mmoja wa lile kundi la Katangi, ambaye wote walimwita Susu, yaani nyanya, alikuja mjini kuuliza kama ile ndege yetu bado ni mgonjwa. "Hilo korongo limefika choo cha jirani yangu," alisema. "Sasa sijui ni lini litaniamsha." Alikaa kwenye kiti cha Halima akanywa chai. Alipoondoka niliketi nikaitazama helikopta, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza swali la maana. Sio "mapanga ni sawa?" Kipimo kilikuwa kimeshanijibu hilo. Niliuliza, ikiwa hapa mezani ni sawa na kule hewani si sawa, hewani kuna nini ambacho hapa hakuna?

Jibu lilikuwa rahisi mpaka nikaona haya. Mezani mapanga yamelala. Hewani yanavutwa. Mtu akizungusha ndoo ya maji kwa kamba anahisi inavyotaka kutoroka mkononi. Panga nalo linavuta kishikio chake kwa nguvu kama hiyo, tena zaidi sana. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa hiyo nguvu. Nikakitoa kichwa cha helikopta, kile kitovu chenye vishikio vya mapanga, nikakibana kwenye vaisi ili kishikio kimoja kitazame chini, nikakifunga mtungi wa maji wa lita ishirini kwa waya. Kisha nikakigeuza kwa vidole. Kilizunguka laini, kama kifuniko cha chupa. Nikageuza kichwa, nikaufunga mtungi kwenye kishikio cha pili. Nikajaribu kukigeuza. Kikagoma. Nikakaza vidole, kikagoma, kikagoma, kisha kikaruka ghafla. Ulikuwa ule ule mruko wa chura.

Nilikifungua. Ndani ya kila kishikio kuna beringi ndogo inayobeba mvuto huo: gololi zilizopangwa duara, zikiwa kati ya pete mbili za chuma. Kwa macho pete hizo ni mapacha, lakini tundu la moja ni pana kidogo, unene wa unywele hivi. Yenye tundu pana hukaa ndani, upande wa kitovu. Yenye tundu dogo hukaa nje. Katika kishikio cha kwanza zilikaa hivyo. Katika cha pili nilikuwa nimezibadilisha. Bila mzigo haikujulikana. Mzigo ukija, pete inasugua shafti na panga linakataa kugeuka. Nikakumbuka, wazi kabisa, siku nilipozipachika. Halima alikuwa amesimama mlangoni na kikombe, akaziokota mezani, akasema, "Mutheu, hizi mbili hazifanani, si uzipime?" Nami nikamjibu bila kuinua kichwa, "Ni zile zile. Wewe endelea na chapa."

Ilinichukua dakika chache kuzigeuza. Nikafunga, nikaning'iniza mtungi, kikageuka laini. Kazi ilikuwa imekwisha, na hakuna mtu duniani aliyehitaji kujua. Ningemwambia Bwana Nzioka kwamba nimeikaza mahali fulani, angefurahi, Halima angeitwa arudi kwa huruma. Nilikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kiasi cha maji ya mtungi kutulia kabisa. Kisha nikazifungua tena zile beringi mbili, nikazitia pete zote nne ndani ya leso, nikavuka barabara.

Mzee Adan alikuwa dukani na Halima alikuwa nyuma, akichambua mchele kwenye sinia. Nilisalimia, nikaambiwa karibu, nikaombwa nikae, nikaletewa chai ya maziwa yenye iliki. Sikuigusa. Nilifungua leso juu ya sinia, kando ya mchele, nikamwambia Halima azitazame. Akaziokota, akazipanga kwenye ncha ya kidole. "Hazifanani," alisema.

"Ulisema hivyo. Nami nikakataa kupima. Nilizipachika kinyume. Kijiti kilikuwa kizito kwa sababu yangu. Na tena nikasema ni mkono wako. Haikuwa mkono wako, Halima. Haikuwa hata mara moja."

Mzee Adan alizitazama zile pete, akanitazama mimi. "Nani amekutuma?"

"Hakuna, mzee."

"Bwana Nzioka anajua?"

"Bado. Nilitaka kuanza hapa."

Halima aliiweka pete chini. Machozi yalikuwa yanatiririka lakini uso wake ulikuwa unafunguka. "Nilikuwa nimeanza kuamini," alisema. "Unajua? Jana nimeshika sindano nikaiweka chini. Nikasema huu mkono si wa kuaminika." Kisha akanigonga begani kwa ngumi, si kwa mzaha, na iliniuma mpaka kesho yake, na nikashukuru. Mzee Adan alikohoa. "Kunywa chai," aliniambia. "Inapoa." Nikainywa yote. Sijawahi kunywa kitu kilichoteremka vizuri namna ile.

Bwana Nzioka alinisikiliza akiwa amevua miwani. Nilikuwa tayari kufutwa kazi. Aliposema, alisema tu, "Alituambia ni kizito. Mimi na wewe wote tulimsikia." Kisha akachukua kofia yake, akavuka barabara kwenda kumwomba msamaha yeye mwenyewe, mtu mzima wa umri wake, mbele ya wateja wa mbuzi. Hilo ndilo ningependa wasemaji wale wangelitaja.

Wiki hiyo hiyo tulikwenda Katangi. Akina mama walisimama nyuma ya kamba, mbali, na Susu mbele yao akiwa ameshika fimbo. Niliwasha injini, Halima akiwa ameshika rimoti, nikarudi nyuma kinyumenyume. Nilijua beringi ziko sawa, nilikuwa nimezipima kwa mtungi mara kumi, lakini bado niliogopa. Nilisikia mlio ukipanda. Nilisikia kina mama wakisema "Aiya!" wote kwa pamoja, kisha wakanyamaza. Mlio ukasogea mbali, juu ya korongo, ukakaa huko muda ambao kwangu ulikuwa kama ibada nzima ya Jumapili, ukarudi, ukashuka, ukazimika. Picha zilipooshwa zilionyesha njia ya kale ya ng'ombe iliyokuwa ikikusanya maji ya mlima mzima, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufikiria kuchimba. Walichimba hapo, siku kumi na moja kabla ya mvua, na nyumba zile tatu zilisimama. Lakini hayo yalikuwa bado. Wakati huo nilisikia tu vicheko, na Susu akiimba, na Halima akija kwangu mbio, rimoti ikimgonga tumboni.

"Umeona? Sahani moja! Umeona vile imetulia?"

Ilinibidi nimwambie. "Sikuona. Nilifunga macho."

Alinitazama, akacheka mpaka akashika magoti. Halafu akageuka, akamwomba Bwana Nzioka mafuta mengine, akaja akanisimamisha kando yake, bega kwa bega, akashika vile vijiti viwili.

"Basi narusha tena," alisema. "Fungua macho."

Nikafungua, na nikaitazama mpaka ikatua.